Sauti Iliyomwita Baba Noela

Noela hakubisha hodi. Ukumbi wa Mama Eufrasia pale Kakola haukuwa na mlango wa kubishia hodi hata hivyo. Mchana ule ukumbi ulikuwa wazi pande zote ili joto litoke, na vijana wa Mwamba Bendi walikuwa jukwaani wakifanya mazoezi ya onyesho la mwisho wa mwezi, siku ambayo wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu na wachimbaji wadogo wa jirani hujaa pale wakitaka kuimbiwa mpaka wasahau mashimo yao. Noela alipita katikati ya meza tupu, kitenge kimejaa vumbi la njia ya Kahama, akaenda kusimama mbele ya kinanda.

Athanas alikuwa amefumba macho. Ndiyo tabia yake akipiga kinanda, na wanawake wengi wa Kakola wamemsamehe mengi kwa sababu ya macho yale yaliyofumbwa. Noela alikuwa mmoja wao, tusifichane. Lakini leo aliyataka yafumbuke.

"Athanas."

Hosiana, mwimbaji wao, ndiye aliyemwona kwanza. Akashusha kipaza sauti. Masudi, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, akatabasamu kwa meno yote.

"Shemeji! Leo umetufuata mwenyewe? Kaa hapo upate soda, tumebakiza nyimbo mbili tu."

"Nashukuru, shemeji. Namtaka mwenzenu sasa hivi."

"Nyimbo mbili tu, shemeji. Ukizichukia tutapunguza iwe moja."

"Masudi, baba yangu anakufa."

Kinanda kikanyamaza. Athanas alifumbua macho, akamwona Noela, na kwa nukta ndogo sana uso wake ukafurahi kabla ya kuyaelewa maneno aliyoyasikia. Noela aliiona ile furaha. Ilimuuma, maana safari nzima alikuwa anajifunza kumchukia na sasa mafunzo yote yakayeyuka.

Wakatoka nje, wakasimama nyuma ya ukumbi penye kivuli cha makreti ya soda.

"Mzee ana nini?" Athanas aliuliza. "Juzi juzi si ulisema anachunga mwenyewe?"

"Hali chakula. Tangu Jumapili anakunywa maji tu. Amemwita baba mdogo kampa fimbo yake. Amegawa ng'ombe, huyu wa fulani, huyu wa fulani. Jana kamwita katekista. Shangazi Paskazia amekuja kukaa naye, maana mimi peke yangu nimeshindwa."

"Mmempeleka hospitali?"

"Haumwi popote. Anasema mama anamwita."

Kwao Athanas ni Buseresere, lakini mambo haya hayana wilaya. Alijua kama anavyojua kila mtu aliyekulia huku: marehemu akikuita, huitiki, hugeuki, wala hurudi kuangalia ni nani. Aliyeitika ameshakubali kwenda.

"Pole, Noela. Mwaka bado haujaisha tangu mama aondoke. Huzuni humfanya mtu..."

"Usinipe pole." Sauti yake ilipanda. "Mimi pia nimemsikia."

"Umemsikia nani?"

"Mama. Jana jioni, nyuma ya soko. Nikashika ukuta. Halafu nikafanya kitu ambacho baba hakukifanya. Nikageuka. Nikaufuata ule mlio. Unajua ulinifikisha wapi?"

Athanas alitikisa kichwa.

"Kwenye kibanda cha gemu cha Esta. Watoto wamejaa, kompyuta tatu, spika imewekwa dirishani. Na mama yangu anaimba." Akaimba pale pale, kwa sauti ndogo iliyokwaruza kwa vumbi na hasira: "*Nzugu kaya... nzugu kaya, we...* Njoo nyumbani. Niliposikia nilidhani nimerukwa na akili. Esta akaniambia, dada, hii ni gemu ya Duara, ukifukiwa na kifusi ndiyo unapigwa huo wimbo, katunga mtu wa bendi huko Kakola."

Hapakuwa na haja ya kumuuliza tena. Athanas akavuta kreti moja, akalikalia.

Msomaji, hapa lazima tumjue kidogo kijana huyu, maana kumhukumu ni rahisi. Alianzia kinanda cha kanisa. Padri alimvumilia mpaka alipoanza kuzitia nyimbo za mavuno chachandu ya rumba, hapo wakaagana kwa amani. Akaingia kwenye bendi, akazunguka nayo Geita, Katoro, Kahama, mpaka Kakola. Kisha, katika mwaka ambao kumbi zilikuwa zimepoa, akajifundisha kutunga muziki kwa kompyuta, na kampuni moja ya Dar es Salaam inayotengeneza gemu ikampenda. Tangu hapo akawa na maisha mawili. Jioni alipiga muziki mbele ya watu wanaotoa jasho na kumtupia maua ya plastiki. Asubuhi alikaa peke yake chumbani akitunga muziki wa watu asiowaona, wa kukimbizwa, wa kushinda, wa kufa. Duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, ndiyo gemu yake kubwa kuliko zote. Ni ya mchimbaji anayeshuka shimoni kutafuta dhahabu, na shimo likiporomoka skrini inakuwa nyeusi.

Kazi hiyo ilimpa tabu alipopeleka posa Maganzo, kwao Noela. Mshenga alipotamka kwamba kijana anatunga muziki wa gemu za kompyuta, baba mdogo mmoja aliuliza kama hiyo ni kazi au ni ugonjwa. Mzee Mageni, baba yake Noela, alisema waziwazi kwamba mpiga muziki wa ukumbini hamtaki, na mtunzi wa michezo ya watoto hamwelewi, kwa hiyo amekataa mara mbili. Aliyemgeuza alikuwa mkewe. Mama Bernadina alimpenda Athanas tangu siku ya kwanza, alisema kijana anayesikiliza vile hawezi kumpuuza mke. Mahari ikapokelewa, ng'ombe wakaletwa kutoka Buseresere, ndoa ikapangwa. Kisha mama akaugua, akaenda, na ndoa ikasogezwa mpaka matanga yapoe.

"Alinikubalia," Athanas alisema, anaangalia chini. "Ilikuwa ile siku anapepeta mpunga, wewe umeenda kisimani. Aliniimbia wimbo aliokuwa akimwitia mzee atoke machimboni enzi zao wanatafuta almasi. Nikamwomba nirekodi. Nikamwambia nitauweka kwenye kazi zangu. Akasema weka, watu wasikie."

"Alijua ni kazi gani? Ulimwambia watoto watakuwa wanafukiwa shimoni, halafu yeye anaimba?"

"Hawafukiwi, Noela, ni gemu."

"Baba yangu hachezi gemu!"

Ndani ya ukumbi Hosiana aliacha kujaribu kipaza sauti. Ilionekana Mwamba Bendi nzima imeamua kupumzika karibu na dirisha.

"Mimi nilikuwa natafuta muziki wa kufa," Athanas alisema taratibu. "Kila mtu huweka kitu cha kutisha. Mimi nikasema hapana. Mtu akianguka gizani, anachotaka kusikia ni mama anamwita nyumbani. Lile neno 'baba Noela' nililikata, kwa heshima ya mzee. Nikabakiza sauti tu. Nilikuwa nalia wakati naikata."

"Ungelibakiza! Ungelibakiza lile jina, watoto wa Maganzo wangecheka siku hiyo hiyo, mji mzima ungejua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka iwe zawadi. Siku ya harusi. Nilitaka nikuonyeshe kwamba mama yupo, watu wa mbali kabisa wanamsikia." Akainua macho. "Sikufikiria kama gemu itafika Maganzo. Nilidhani inachezwa Dar, na nje huko. Mimi nimewahi kuona kompyuta ngapi Maganzo?"

Noela alimtazama. Alitaka kumpiga kofi, na alitaka kukaa juu ya lile kreti amwegemee. Ndivyo mapenzi yanavyomfanyia mtu ushenzi, hayasubiri hasira iishe yapate zamu.

"Nilimwambia baba jana usiku," alisema. "Nikamweleza yote. Akaniangalia kwa huruma, Athanas. Kwa huruma! Akasema, *ng'wanone*, mwanangu, umetunga hayo ili nisiende. Nikamwomba twende kibandani akasikie mwenyewe. Anasema njia ile hapiti tena, kwamba aliyeitwa harudi kuuliza kaitwa na nani. Hana nguvu za kubishana. Anatabasamu tu."

"Unataka nije."

"Nataka uje na hiyo kompyuta yako na hiyo simu uliyomrekodia. Umwonyeshe. Umwambie ni wewe."

Athanas alisugua viganja vyake kwenye magoti.

"Nikimwambia ni mimi, Noela, ng'ombe wale wanarudi Buseresere."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekaa kwenye gari tangu alfajiri nikijua."

Pikipiki ilipita barabarani imebeba wachimbaji wawili na jembe. Waliingoja ipite, kana kwamba inasikiliza.

"Kuna njia nyingine," Athanas alisema kwa sauti ya chini. "Nisikilize kwanza. Naandikia kampuni leo, naweka muziki mwingine pale. Wiki ijayo ile sauti haipo tena kwenye gemu. Mzee hatamsikia. Atajua mama amenyamaza, amemwacha akae. Atarudi kula mwenyewe. Na sisi tunafunga ndoa yetu kama ilivyopangwa. Tutamwambia siku moja, tukiwa na watoto, acheke."

Kichwani mwake Noela alifunga ndoa na Athanas kanisani Maganzo, akahamia Kakola, akamzalia watoto, akawafundisha kumsalimia babu yao. Yote aliyaona na yote aliyataka. Kisha akakumbuka mkono wa baba yake asubuhi ile, ulivyokuwa mwepesi alipomuaga.

"Wiki hana," alisema. "Athanas, kama angekuwa na wiki ningekubali. Nakuapia ningekubali, na Mungu angenisamehe. Hana."

Athanas alisimama. Hakusema neno la ujasiri, wala hakumshika bega kama wanavyofanya kwenye filamu. Aliingia ukumbini, akaanza kuchomoa nyaya za kompyuta yake ndogo.

"Onyesho je?" Masudi aliuliza.

"Gitaa litajaza."

"Gitaa halijazi kinanda, bwana. Watu wanakuja kwa ajili yako." Masudi alimwangalia Noela, akamwangalia mwenzake, akaguna. "Haya nenda. Nenda kabla sijabadili mawazo. Mzee akipona tuletee kuku."

Gari la Kahama lilijaa haraka, na kutoka Kahama wakapata basi linalokwenda Shinyanga. Walikaa kiti kimoja. Athanas aliandika ujumbe kwa kampuni simu ikiwa inakamata mtandao na kuuacha, aliwaandikia wauondoe wimbo wa kufukiwa, atawatumia mwingine bila malipo. Alipomaliza aliiweka simu mfukoni na kuuchukua mkono wa Noela. Hawakuwa na kawaida ya kushikana mikono mbele za watu. Leo walishikana mpaka Shinyanga, na mama mmoja aliyeketi upande wa pili aliwatazama, akadhani ni maharusi.

"Ungejua," Noela alisema walipoiacha Isaka nyuma, "pale kibandani, kabla sijajua ni wewe, nilisimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Yule mtoto alipofukiwa tena, nilifurahi."

Athanas aligeukia dirisha.

"Usiniambie mambo kama hayo leo," alisema. "Nitashindwa kushuka."

Kutoka Shinyanga walipata gari jingine, wakafika Maganzo jua likiwa bado juu ya mapaa. Shangazi Paskazia aliwaona kutoka mbali, akawafuata njiani amefunga mikono kichwani.

"Shikamoo shangazi," Athanas alisalimu.

"Marahaba, mkwe. Afadhali umekuja kumuaga. Tangu asubuhi hata uji kakataa. Ananiambia nimtafutie koti lake la harusi."

Mzee Mageni alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba upande wa zizi, anatazama ng'ombe wakiingia. Koti alikuwa amelivaa. Lilimpwaya mabegani. Alipomwona Athanas aliinua mkono kwa tabu, akacheka cheko la mtu asiye na deni na yeyote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umefanya vizuri kuja. Kaa. Noela, mletee mgeni maji." Sauti ilikuwa nyembamba. "Nilitaka kukuambia kitu. Nilikusumbua sana wakati wa posa. Mke wangu aliniambia wewe ni mtu wa kusikiliza. Nami nakubali sasa. Nakuachia binti yangu, moyo wangu ni mweupe."

Maneno yale Athanas aliyangoja muda mrefu, na sasa yalikuwa yamewekwa mbele yake kama chakula. Noela alisimama na kopo la maji mkononi. Angeweza kuyachukua. Angesema asante baba, akapiga magoti, akabarikiwa, na hakuna hata mmoja pale ambaye angemlaumu.

Athanas alipiga magoti, kweli, lakini alipiga magoti ili aweke kompyuta chini.

"Baba, naomba uniangalie. Aliyokuambia Noela jana ni kweli. Mama hakukuita. Ni mimi."

Mzee aliendelea kutabasamu.

"Nilimrekodi mama anaimba, siku moja hapa hapa nyumbani. Nikaiweka sauti yake kwenye mchezo wa kompyuta. Kibanda cha nyuma ya soko kinacheza mchezo huo. Kila mtoto akishindwa, sauti inalia. Ndiyo uliyoisikia."

"*Yaya*," mzee alisema, akatikisa kichwa polepole. "Hapana. Mimi namjua mke wangu anavyoniita."

Athanas hakubishana. Aliwasha kompyuta, akamgeuzia mzee skrini. Mtu mdogo akashuka kwenye shimo na sururu yake. Athanas akamwacha asimame pale pale, asikimbie. Mawe yakaanguka. Skrini ikawa nyeusi, na kutoka kwenye kile kisanduku chembamba Mama Bernadina akaimba, *nzugu kaya, nzugu kaya, we.*

Shangazi Paskazia alipiga kelele, akakimbilia nyuma ya nyumba. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Mzee Mageni alisimama, yeye ambaye asubuhi alishindwa kushika bakuli, akasimama wima bila fimbo.

"Rudia," alisema.

Athanas akarudia. Mtu mdogo akashuka, akafukiwa. Sauti ikaimba, pale pale, vile vile, na mvuto ule ule wa pumzi mwishoni.

"Rudia."

Akarudia. Noela hakuweza kuangalia skrini, alimwangalia baba yake. Aliona uso ukibadilika kidogo kidogo, jinsi mzee alivyokuwa akiingoja sauti ibadilike hata mara moja, itikise hata neno moja, na haikubadilika. Mara ya mwisho hakusema rudia. Akakaa.

"Kwa hiyo hakuniita," alisema.

"Hapana, baba."

"Siku zote hizi."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nilimwitika." Akashika kola ya koti. "Mnasikia? Nilisimama pale njiani, nikavua kofia, nikamwitika. Nikamwambia mama Noela, nakuja, ngoja nimalize mambo ya watoto. Nilikuwa nalala nikifurahi. Nilidhani amenikumbuka. Nilidhani huko aliko amechoka kukaa peke yake, ananitaka mimi." Akageuza macho kwa Athanas, na macho hayo hayakuwa na upole wowote tena. "Kumbe ni watoto wanacheza."

Athanas aliinamisha kichwa mpaka karibu na ardhi.

"Mke wangu nilimzika mara moja. Leo umenizikia tena. Nani alikutuma? Ungeniacha niende naye hivyo hivyo, ungepungukiwa nini?"

"Ungekufa, baba."

"Ningekufa nimeitwa!" Mzee alipiga mkono wa kiti. "Sasa nitakufa lini? Nitakufa kwa nini? Ondoka. Ng'ombe wako kesho asubuhi wataswagwa mpaka kwenu. Na hiyo sauti uitoe humo."

"Nimeshawaandikia tukiwa njiani, baba."

"Mimi si baba yako. Ondoka mbele yangu."

Athanas alifunga kompyuta. Mikono yake haikuwa na haraka wala haikusita. Alipopita karibu na Noela alisimama kidogo, na kwa kuwa mzee alikuwa anawatazama, hawakugusana.

"Mlazimishe ale," alisema kwa sauti ndogo.

"Athanas..."

"Mlazimishe ale, Noela. Isije ikawa nimekupoteza bure."

Akaenda. Noela alimsindikiza kwa macho mpaka alipoufikia mti wa mkakaya, mpaka alipotokea barabarani, mpaka lori la mchanga lilipopita na vumbi likamficha. Alimpenda Athanas tangu siku alipomwona anapiga kinanda amefumba macho. Lakini hakuwahi kumpenda kama dakika ile alipoliona shati lake mgongoni, linaondoka limeloa jasho.

Aliingia jikoni. Alipika ugali bila kujua anapika. Alichemsha mlenda, akaweka mezani maji ya kunawa, akarudi nje akidhani atamkuta baba yake ameegemea tena na lile tabasamu.

Mzee hakuwa anatabasamu. Alikuwa amevua koti, amelitupa juu ya ua wa zizi, anasema peke yake kwa Kisukuma maneno ambayo katekista asingefaa kuyasikia.

"Chakula, baba."

"Weka."

Akanawa. Akamega tonge, akachovya, akala. Akala la pili. Alikula kwa ghadhabu, anatafuna kama mtu anayegombana, na kati ya tonge na tonge alimtukana Athanas, akaitukana kompyuta, akamtukana na Esta wa kibandani. Noela alipiga magoti pembeni akishika birika la maji, machozi yanamtiririka, hakujua anamlilia yupi.

"Kesho mapema," mzee alisema na mdomo umejaa. "Wapite njia ya juu, wasichoke."

"Sawa, baba. Ng'ombe wakirudi Buseresere, mimi nitakuwa nyuma yao."

Mkono wa mzee ulisimama hewani.

"Umesemaje?"

"Nitawafuata."

"Unanitisha, Noela?"

"Sikutishi. Nakuaga." Akaliweka birika chini. "Athanas angenyamaza, baba. Ulishamkubali. Ulishamwambia moyo wako ni mweupe. Angenyamaza tu, wewe ungekufa, mimi ningeolewa. Alijua, na alikuambia. Mwanamume wa namna hiyo nitamwachia nani? Na wewe, wiki nzima umegawa ng'ombe, umegawa fimbo, umeniaga. Hukuniuliza hata siku moja nitabaki na nani. Mama yangu ameshaondoka. Na wewe ulikuwa unaondoka unatabasamu."

Mzee Mageni aliliangalia tonge mkononi mwake. Aliliangalia muda mrefu. Ng'ombe wa Buseresere walikuwa wamelala na wa nyumbani, huwezi kuwatofautisha.

Halafu akalitia mdomoni, akatafuna, akameza.

"Mboga hii haina chumvi," alisema, bila kumtazama.

Noela akasimama kwenda kumletea chumvi, huku analia.